Alexander Ellis: Msomi aliyeipa sauti kipimo cha senti

KILA mara mtayarishaji wa muziki anapofungua programu ya kurekodi kwenye kompyuta na kushusha au kupandisha sauti ya ala kwa senti kadhaa, huwa anatumia kipimo kilichobuniwa na mzee mmoja wa London aliyefariki mwaka wa 1890.

Mzee huyo, Alexander John Ellis, hakuwa mwanamuziki wa kutajika. Isitoshe, inasimuliwa kuwa sikio lake lilikuwa zito katika kutofautisha sauti za muziki. Hata hivyo, ndiye aliyewapa wataalamu njia ya kuzipima sauti hizo bila kupendelea muziki wa taifa lolote, na ndiye aliyeonyesha kwa hesabu kwamba muziki wa mataifa mengine haukuwa umekosewa kwa sababu tu haukulingana na kinanda cha Ulaya.

Ellis alizaliwa Juni 14, 1814, katika mtaa wa Hoxton, London, na jina lake la ukoo lilikuwa Sharpe. Mnamo 1825, akiwa mtoto wa umri wa miaka kumi na mmoja, jina hilo lilibadilishwa na kuwa Ellis. Jamaa mmoja wa upande wa mama yake alikuwa amemwachia urithi, kwa sharti kwamba alichukue jina la ukoo huo na kuyatoa maisha yake kwa elimu na utafiti.

Urithi huo ulimwondolea dhiki ya kutafuta riziki. Alisomea katika shule za Shrewsbury na Eton, kisha akajiunga na Chuo cha Trinity, Cambridge, alikohitimu mwaka wa 1837 akiwa miongoni mwa waliofanya vyema zaidi katika hisabati. Wengi waliorithi mali wakati huo waliishia katika anasa. Ellis alitimiza sharti la marehemu kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mapema katika miaka ya 1840 alizuru Italia na kupiga picha za majengo na mandhari kwa mtambo wa daguerreotype, teknolojia iliyokuwa imetangazwa Ufaransa mwaka wa 1839. Lakini jambo lililomvutia zaidi lilikuwa sauti ya binadamu.

MATAMSHI NA MAANDISHI

Ellis alitambua taabu inayowakumba watoto wa Kiingereza wanapojifunza kusoma. Mwandishi wa Kiswahili huandika jinsi anavyotamka, ilhali Mwingereza hulazimika kukariri maneno ambayo herufi zake hazilingani na matamshi. Akishirikiana na Isaac Pitman, aliyebuni mfumo maarufu wa hatimkato, Ellis alitunga alfabeti mpya ambamo kila sauti ilipewa alama yake. Lengo lilikuwa kuwarahisishia maskini na watoto kujifunza kusoma.

Mageuzi hayo ya tahajia hayakukubaliwa na umma. Hata hivyo, kazi hiyo ilimzoesha Ellis kusikiliza sauti kwa makini na kuiandika ilivyo, wala si jinsi msikilizaji anavyodhani ingepaswa kuwa. Kwa moyo huo aliandika kitabu chake kikubwa kuhusu matamshi ya kale ya Kiingereza, kilichotolewa kwa sehemu tano kati ya 1869 na 1889. Sehemu ya mwisho ilikusanya lahaja za zaidi ya maeneo elfu moja.

Mnamo 1864 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya mashuhuri ya wanasayansi wa Uingereza. Aidha, aliwahi kuwa rais wa jumuiya ya wanaisimu ya London, Philological Society. Mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw, aliyemfahamu Ellis akiwa mzee, alimtaja katika dibaji ya Pygmalion, tamthilia inayohusu mtaalamu wa matamshi. Alimkumbuka kama mzee wa heshima aliyevaa kofia ya mahameli kila wakati na kuwaomba radhi wasikilizaji wake kwa kutoivua.

Ellis alichangia pia, kwa njia isiyotarajiwa, katika historia ya simu. Mnamo 1866 kijana Alexander Graham Bell alimweleza majaribio aliyoyafanya kuhusu sauti za irabu. Ellis alimfahamisha kwamba mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alikuwa amekwisha kuyafanya kwa kutumia uma za sauti zinazoendeshwa kwa umeme. Bell, ambaye hakukielewa vizuri kitabu cha Kijerumani, alidhani kwamba Helmholtz alikuwa amepeleka irabu kupitia waya. Dhana hiyo potofu ilimsukuma kuelekea uvumbuzi uliopewa hataza mwaka wa 1876.

VITA VYA KIWANGO CHA SAUTI

Kitabu hicho cha Helmholtz, kilichotoka Ujerumani mwaka wa 1863, ndicho kilichomwingiza Ellis katika sayansi ya muziki. Alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka wa 1875. Toleo la pili la 1885 lilikuwa na maelezo na viambatisho vingi vya mfasiri.

Wakati huo Ulaya ilikuwa na mzozo mkubwa kuhusu kiwango cha sauti. Wanamuziki wanapotaka kucheza pamoja, hukubaliana kwanza juu ya noti moja, kwa kawaida ile iitwayo A, kisha kila mmoja huilinganisha ala yake nayo. Swali lilikuwa noti hiyo iwe na mitetemo mingapi kwa sekunde, kipimo ambacho leo huitwa hertz.

Kila mji ulikuwa na jibu lake. Bendi na okestra zilizidi kupandisha sauti ili zisikike kwa mng'aro zaidi, nao waimbaji wakalalamika kwamba koo zao zinaumizwa. Serikali ya Ufaransa iliingilia kati mwaka wa 1859 na kuamuru noti A iwe 435. Huko London, kiwango cha okestra ya Philharmonic kilikuwa kimefika takriban 452. Mapema zaidi, mnamo 1834, mfanyabiashara wa hariri wa Ujerumani, Johann Heinrich Scheibler, alikuwa amependekeza 440 katika kongamano la wanasayansi mjini Stuttgart.

Wapo waliodai kwamba kiwango fulani ndicho cha asili, na kwamba mababu walikifuata tangu jadi. Ellis aliamua kuchunguza ukweli wa madai hayo kwa kupima.

Alitafuta uma za sauti za kale, yaani vipande vya chuma vyenye meno mawili ambavyo vikigongwa hutoa noti moja isiyobadilika. Alipima pia filimbi za vinanda vya makanisa ya Ulaya na kuchambua kumbukumbu za mafundi waliovijenga. Uma wa mtunzi Handel, wa mwaka wa 1751, ulitoa 422.5. Uma wa Stein, fundi aliyetengeneza piano zilizopendwa na Mozart, ulitoa 421.6. Kinanda cha kanisa la Halberstadt nchini Ujerumani, kilichojengwa mwaka wa 1361, kilikadiriwa kuwa kilifika takriban 506. Vipo vingine vilivyoshuka chini ya 380.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1880 katika jarida la Society of Arts. Yalidhihirisha kwamba haikuwahi kuwepo namba moja ya jadi. Kiwango kilibadilika kutoka kanisa hadi kanisa, na kutoka kizazi hadi kizazi. Iwapo wanamuziki walitaka namba moja, iliwabidi wakubaliane, kama wafanyabiashara wanavyokubaliana juu ya kilo au mita.

Mtu anaweza kushangaa ni vipi mtu asiyekuwa na sikio jepesi alifaulu kufanya kazi hiyo. Siri ilikuwa katika mbinu ya Scheibler. Sauti mbili zinazokaribiana zikilia pamoja, msikilizaji husikia mapigo, yaani sauti ikipanda na kufifia kwa zamu. Idadi ya mapigo kwa sekunde ndiyo tofauti ya mitetemo kati ya sauti hizo. Kwa hiyo Ellis hakuhitaji kuitambua noti. Alihitaji saa, subira, na uwezo wa kuhesabu.

Kazi hiyo haikukosa dosari. Chombo cha kwanza alichokitegemea kilitumia ndimi za chuma zilizofungwa ndani ya sanduku moja. Kwa kukiamini chombo hicho, Ellis alitilia shaka uma za fundi mashuhuri wa Paris, Rudolph Koenig. Baadaye ilibainika kwamba ndimi hizo, zikilia pamoja, huathiriana na kupotosha hesabu, na kwamba uma za Koenig hazikuwa na kasoro aliyoidai. Ellis alisahihisha namba zake hadharani na kugeukia vipimo vya uma.

SENTI MIA KWA KILA HATUA

Kuhesabu mitetemo pekee hakukutosha. Sikio la binadamu halisikii tofauti ya namba, bali husikia uwiano. Hatua ya kutoka 220 hadi 440 husikika sawa na ya kutoka 440 hadi 880, ingawa ya pili ina mitetemo maradufu. Kila moja huitwa oktava. Kwa hiyo kusema kwamba ala mbili zimetofautiana kwa mitetemo minane hakuelezi mengi, kwa kuwa mitetemo minane ni tofauti kubwa katika sauti nzito na ni ndogo katika sauti nyembamba.

Ellis alitatua tatizo hilo kwa logarithi. Oktava ya piano ina hatua kumi na mbili zilizo sawa, na kila hatua huitwa nusu toni. Aliigawa kila nusu toni katika sehemu mia moja, na kila sehemu akaiita senti. Kwa Mkenya, hesabu hiyo ni nyepesi: nusu toni ni kama shilingi moja yenye senti mia, na oktava nzima ni shilingi kumi na mbili, yaani senti 1,200.

Kwa kipimo hicho, muziki wowote unaweza kulinganishwa na mwingine. Kiwango cha 432, ambacho mtunzi wa Italia Giuseppe Verdi alikiunga mkono mwaka wa 1884, kiko chini ya 440 kwa takriban senti 32. Kile cha Ufaransa, 435, kiko chini kwa senti 20. Uma wa Handel uko chini kwa senti 70. Kiwango cha 415, kinachotumiwa leo na wengi wanaopiga muziki wa karne za 17 na 18, kiko chini kwa senti 101, yaani nusu toni moja.

MUZIKI WA MATAIFA

Akiwa na kipimo hicho mkononi, Ellis aligeukia swali zito zaidi. Wasomi wengi wa enzi yake waliamini kwamba ngazi ya muziki ya Ulaya ilitokana na sheria za maumbile, na kwamba mataifa mengine yalikuwa bado hayajaifikia. Yalipotoa noti zilizo nje ya piano, ilisemwa kwamba hayajui kuimba.

Ellis alitafuta ala na wapigaji. Alisaidiwa na Alfred James Hipkins, mtaalamu wa piano katika kampuni ya Broadwood, ambaye sikio lake lilikuwa jepesi mno. Wawili hao walizipima ala za gamelan kutoka kisiwa cha Java zilizoletwa London mwaka wa 1882. Walimsikiliza Raja Rampal Singh wa India akipiga sitar. Waliwapima wanamuziki wa China waliohudhuria maonyesho ya afya ya 1884, na mwaka uliofuata bendi ya mfalme wa Siam, ambayo leo ni Thailand.

Walichokipata kiliwashangaza wengi. Mojawapo ya ngazi za Java ilikaribia kuigawa oktava katika hatua tano sawa, kila moja senti 240. Ile ya Siam ilikaribia hatua saba sawa, za senti 171 hivi. Piano haina hatua hizo. Katika nadharia ya Waarabu, Ellis alikuta noti inayohusishwa na Zalzal, mpiga udi wa Baghdad wa karne ya nane, iliyo kwenye senti 355, karibu katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Aligundua pia kwamba zumari ya mifuko ya Waskoti, iliyokuwa ikipigwa humo humo Uingereza, ilikaribiana na ngazi hiyo ya Kiarabu kuliko ile ya piano.

Machi 1885 alitoa sehemu kubwa ya matokeo hayo mbele ya Society of Arts. Hitimisho lake lilikuwa kwamba ngazi ya muziki si moja, wala haitokani lazima na sheria za sauti alizozieleza Helmholtz. Ngazi ni nyingi, nazo ni kazi ya mikono na fikra za watu. Kauli hiyo ilitoka kwa mfasiri yuleyule aliyekuwa amekieneza kitabu cha Helmholtz miongoni mwa Waingereza.

Wapinzani wangeweza kudai kwamba wapigaji hao walikosea tu. Lakini ala za gamelan ni za shaba, na fundi huzichonga kwa makusudi hadi zifikie sauti anayoitaka. Kosa halijirudii kwa mpangilio katika oktava baada ya oktava.

NJIA ILIYOFIKA UGANDA

Mnamo 1922 mtaalamu Erich von Hornbostel aliitafsiri hotuba hiyo kwa Kijerumani, na kipimo cha senti kikawa nyenzo ya kawaida ya watafiti wa Berlin. Miongoni mwa waliosoma huko alikuwa Klaus Wachsmann, aliyeihama Ujerumani ya Wanazi na kuishia Uganda, ambako aliongoza Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957.

Wachsmann alipima kinubi cha Waganda kiitwacho ennanga, na mwaka wa 1950 akachapisha taarifa katika jarida la Nature. Alieleza kwamba nyuzi zake ziliwekwa katika hatua zilizokaribia kuwa sawa, tano katika kila oktava. Hatua kama hiyo ni senti 240, sawa na ile Ellis aliyoikuta kwa ala za Java miaka mingi kabla. Mpigaji wa kasri la Kabaka hakuwa amekosea noti za piano. Alikuwa akifuata kanuni yake mwenyewe.

Suala hilo halijapitwa na wakati. Nyuzi nane za nyatiti huwambwa zikaoana na sauti ya mwimbaji, wala si kwa kufuata namba 440. Katika taarab ya pwani, udi hauna vizuizi shingoni, na kanuni ina vigeuzi vinavyoruhusu sauti zilizo kati ya vibonye vya kinanda. Ala kama hizo zinaporekodiwa studioni, programu ya kurekebisha sauti iliyopangwa kwa ngazi ya piano huvuta kila noti hadi kwenye senti mia iliyo karibu. Noti ya senti 355 itavutwa hadi 400, na ladha aliyoikusudia mpigaji itapotea pasipo mtu kuwa na nia ya kuiharibu.

Tiba yake imo katika programu zilezile. Nyingi kati yazo zina mahali palipoandikwa 440, na mtumiaji anaweza kuweka 432, 415 au namba nyingineyo. Zile zisizo na nafasi hiyo kwa kawaida huruhusu ala kushushwa kwa senti, na atakayeandika senti 32 chini atakuwa amefika 432. Sharti ni kwamba ala zote zishushwe pamoja. Kinanda kikibaki 440 huku filimbi ikiwa 432, noti A zao zikilia pamoja zitatoa mapigo manane kwa sekunde, kama yale Ellis aliyokuwa akiyahesabu kwa saa yake.

Hata hivyo, kubadilisha namba hiyo hakubadilishi ngazi. Muziki wote hushuka au hupanda, lakini umbali kati ya noti na noti hubaki uleule wa piano. Anayetaka hatua za ennanga huhitaji kuibadilisha ngazi yenyewe. Zipo programu zinazosoma faili za mfumo wa Scala, ambazo huorodhesha hatua kwa senti. Hatua za ngazi ya hatua tano sawa huorodheshwa humo kwa mistari mitano, kila namba ikiwa na nukta ya desimali: 240.0, 480.0, 720.0, 960.0 na 1200.0.

Wapo pia wanaodai kwamba 432 ndiyo namba ya asili yenye uwezo wa kuponya, na kwamba 440 ililetwa kuivuruga. Majedwali ya Ellis ya 1880 hayaiungi mkono dhana hiyo. Sauti za kale zilitapakaa kutoka chini ya 380 hadi zaidi ya 500, na 432 haikuwa na cheo chochote cha pekee. Verdi mwenyewe aliitetea kwa ajili ya waimbaji na usawa wa okestra.

Ellis hakuishi kuiona 440 ikitawala. Kongamano la Vienna la 1885 lilichagua 435 ya Wafaransa. Namba 440 ilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka wa 1939, kisha Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, likaipitisha mwaka wa 1955 na kuithibitisha mwaka wa 1975.

Juni 1890 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimtunuku Ellis shahada ya heshima ya udaktari wa fasihi. Alifariki Oktoba 28 mwaka huohuo nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 76. Uma wa Handel aliyoupima ungali umehifadhiwa Uingereza, na mitetemo yake ni ileile.